Unyayo unapokakamaa majini: kwa nini mguu wa mwogeleaji hubanwa, na la kufanya ukibanwa

Maumivu ya ghafla ya unyayo na vidole vya miguu huwakatiza mazoezi waogeleaji wengi, hasa wanaoanza. Bwawani ni usumbufu wa dakika chache. Ziwani, mbali na ufuko, yanaweza kuwa suala la uhai na mauti. Makala hii inaeleza chanzo cha maumivu hayo, namna ya kuyazuia, na hatua za kuchukua yanapomkuta mtu akiwa kwenye maji ya kina kirefu.

Huanza bila onyo. Mwogeleaji amekwisha kwenda na kurudi bwawani mara kumi au kumi na tano, pumzi imetulia, mikono inavuta maji kwa utaratibu, na ghafla kidole gumba cha mguu kinajikunja chenyewe. Unyayo unajipinda katikati kama upinde uliovutwa kamba, vidole vingine vinapandana, na maumivu makali yanapanda hadi kwenye shavu la mguu. Anashika ukingo wa bwawa, anaukanda mguu, na baada ya dakika moja au mbili hali inatulia. Akirudi majini kwa pupa, unyayo unambana tena.

Watu wengi huiita hali hii kubanwa na misuli. Katika lugha ya tiba ni mkakamao wa misuli, yaani msuli kujikaza wenyewe bila kuamriwa na mwenye mwili, kisha kukataa kulegea. Kwa kawaida si ugonjwa, na mara nyingi hauachi madhara zaidi ya maumivu madogo ya siku moja au mbili. Lakini maji hayana subira. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Katika nchi za Maziwa Makuu, ambako wengi hujifunza kuogelea ziwani bila ya kocha wala mwokoaji, kuufahamu mkakamao ni sehemu ya elimu ya usalama kwa kila anayeingia majini, awe mwanamichezo au la.

Mguu ulivyoundwa

Sehemu ya mguu inayoanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole ina mifupa 26 na viungo 33. Mifupa hiyo huendeshwa na makundi mawili ya misuli. Kundi la kwanza ni misuli midogo iliyomo ndani ya unyayo wenyewe, ambayo hushikilia tao la unyayo na kurekebisha mkao wa vidole. Kundi la pili ni misuli mirefu inayoanzia kati ya goti na kifundo. Kano zake hupita nyuma ya kifundo, mithili ya kamba zinazopita kwenye kapi, hadi kufika vidoleni. Ndiyo maana kidole gumba kinapobanwa, maumivu yake yanaweza kusikika juu, kwenye shavu la mguu.

Nchi kavu, misuli hii hufanya kazi kwa zamu. Mtu anapotembea, kisigino hutua, unyayo hulala, vidole husukuma ardhi, kisha mguu huinuka na kupumzika. Kila hatua huifupisha misuli na kuirefusha tena, na uzito wa mwili husaidia kuinyoosha.

Majini zamu hiyo hutoweka. Mwogeleaji wa mtindo huru au wa mgongo huelekeza vidole nyuma karibu muda wote wa safari, mfano wa mchezaji wa baleti aliyesimama kwa ncha za vidole. Misuli ya unyayo na ya shavu la mguu hubaki imefupika kwa dakika nyingi mfululizo, na hakuna uzito wa mwili wa kuirudisha. Ni mkao ambao mguu wa mtu wa kawaida hauujui, na ambao haukuwahi kuuzoea popote pengine.

Kutoka chumvi hadi mishipa ya fahamu

Kwa miaka mingi, maelezo yaliyotawala kuhusu mkakamao yalikuwa ya maji na chumvi. Mwanzoni mwa karne ya 20, uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wachimbaji wa makaa ya mawe nchini Uingereza ulionesha kuwa wanaume waliotokwa na jasho jingi na kunywa maji matupu walibanwa na misuli, na kwamba maji yaliyotiwa chumvi kidogo yaliwasaidia. Kutoka migodini, fundisho hilo lilihamia viwanjani, na hadi leo mwanamichezo akibanwa, jambo la kwanza analoambiwa aghalabu ni kwamba hakunywa maji ya kutosha.

Fundisho hilo lina ukweli wake kwa mtu anayefanya kazi saa nyingi kwenye joto kali. Hata hivyo lina pengo. Jasho huondoa maji na chumvi katika mwili mzima. Kama upungufu huo ndio sababu pekee, kwa nini ubanwe unyayo mmoja, tena uleule uliokuwa ukifanya kazi, ilhali mgongo na mikono viko salama? Na kwa nini kuunyoosha msuli, bila kunywa chochote, huutuliza mkakamao kwa muda mfupi tu?

Mwaka 1997, Martin Schwellnus na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town nchini Afrika Kusini walipendekeza maelezo mengine, ambayo leo yanakubaliwa na wataalamu wengi wa tiba ya michezo. Kwa mujibu wa maelezo hayo, kila msuli una vihisi vya aina mbili. Vya kwanza vimo ndani ya nyama ya msuli, na ujumbe wake kwa uti wa mgongo ni mmoja: kaza. Vya pili vimo kwenye kano, mahali msuli unaposhikana na mfupa, na ujumbe wake ni kinyume: legeza, mvuto umezidi.

Msuli unapochoka, ujumbe wa vihisi vya kwanza hupata nguvu na ule wa vihisi vya pili hufifia. Ukichoka huku ukiwa umefupika, hali huzidi kuwa mbaya, kwa sababu kano imelegea na vihisi vyake havina mvuto wa kupima. Uti wa mgongo husikia upande mmoja tu wa shauri, na msuli hukakamaa.

Uchunguzi uliofuata miongoni mwa wanariadha wa triathlon, wanaoogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia masafa marefu kwa siku moja, uliipa nguvu hoja hiyo. Haukuonesha kuwa waliobanwa walikuwa wamepungukiwa na maji au chumvi kuliko wenzao. Kilichowatofautisha ni kasi kubwa waliyoshindana nayo, na historia ya kubanwa siku zilizopita.

Ukiutazama mguu wa mwogeleaji kwa mujibu wa maelezo hayo, fumbo linafumbuka. Ni mguu uliochoka, uliofupika, na usiobeba uzito wowote. Masharti yote matatu yanakutana mahali pamoja.

Mguu ulionyooka na mguu uliokazwa

Wanaojifunza kuogelea huambiwa mapema sana: nyoosha vidole. Agizo hilo ni sahihi. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na unyayo uliosimama wima kama unaokanyaga ardhi hugeuka breki. Tatizo ni namna agizo hilo linavyopokelewa. Mwanafunzi huvikaza vidole, huukunja unyayo kama ngumi, kisha huushikilia hivyo kutoka ukingo mmoja wa bwawa hadi mwingine.

Anapofanya hivyo, hutumia misuli midogo ya unyayo kufanya kazi ambayo ingefanywa na maji yenyewe. Teke zuri la mtindo huru huanzia kwenye nyonga. Hupita pajani, goti hujikunja kidogo, na kifundo hufuata kikiwa kimelegea, kama ncha ya mjeledi inavyofuata mkono wa anayeupiga. Mguu unaposhuka, maji huusukuma unyayo nao hunyooka bila kulazimishwa. Mguu unapopanda, unyayo huachia. Vidole havina kazi yoyote ya kufanya katika mzunguko huo.

Ili kifundo kilegee hivyo, sharti kiwe na uwezo wa kupinda. Michael Phelps wa Marekani, mwenye medali 28 za Olimpiki, ni miongoni mwa waogeleaji wanaotajwa sana kwa wepesi wa vifundo vyao. Mtu mzima aliyecheza kandanda, kukimbia au kutembea masafa marefu kwa miaka mingi huwa na vifundo vigumu, kwa kuwa ugumu huo ndio ulioulinda mguu wake nchi kavu. Anapoingia majini, kifundo kinakataa kunyooka, naye huziba pengo hilo kwa kuvikunja vidole. Kadiri anavyoongeza bidii ndivyo anavyoukaribisha mkakamao.

Kuna kipimo rahisi ambacho yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Mtu apige magoti juu ya mkeka au zulia, alaze nyayo chali nyuma yake, kisha akalie visigino taratibu. Akihisi mvuto mkali mbele ya vifundo, au akishindwa kabisa kukaa, vifundo vyake ni vigumu na vinahitaji mazoezi. Mwenye maradhi ya magoti asikifanye kipimo hiki.

Kipimo cha pili hufanywa majini. Katikati ya safari, mwogeleaji ajaribu kuvitikisa vidole vyake bila kuacha kupiga mateke. Vikitikisika kwa urahisi, mguu umelegea. Vikiwa vimegandamana, basi unyayo umekuwa ukikazwa bila yeye kujua.

Mambo yanayochochea

Umbali ni jambo la kwanza. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na bwawa la mita 50 humfunza hivyo aliyezoea lile la mita 25. Katika mita 1,500, mwogeleaji wa bwawa fupi hugeuka mara 59, ilhali wa bwawa refu hugeuka mara 29 tu. Kila mgeuko huupa unyayo nafasi ya kuukanyaga ukuta, kujikunja upande wa pili na kubeba mzigo kidogo. Ziwani hakuna ukuta hata mmoja, na unyayo haupati mapumziko hayo kabisa.

Historia ya michezo ya Afrika ina mfano unaokumbukwa wa mabadiliko hayo ya ghafla. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alijifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, akifanya mazoezi katika bwawa dogo la hoteli. Bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza alipofika Australia. Alimaliza mita 100 za mtindo huru kwa dakika 1, sekunde 52 na nukta 72, akijikokota katika mita za mwisho huku uwanja mzima ukimshangilia. Dunia ilimpenda kwa ujasiri wake. Kwa mwogeleaji wa kawaida, funzo lililomo ni kwamba mwili haurukishwi kutoka umbali mdogo hadi mkubwa bila kulipa.

Baridi ni jambo la pili. Maji hupora joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na mwili hujihami kwa kubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili kuyalinda moyo na mapafu. Kanuni za mashindano ya kimataifa hutaka maji ya bwawa yawe kati ya nyuzi joto 25 na 28. Mabwawa mengi ya wazi katika miji ya miinuko huwa chini ya hapo alfajiri, na msuli uliopoa huchelewa kuitikia na huchoka upesi.

Jambo la tatu ni ukuta wenyewe. Wako wanaojisukuma kwa ncha za vidole, wakiurundika mshindo wote kwenye misuli midogo ya unyayo. Ukuta unapaswa kusukumwa kwa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole.

Vifaa navyo vina sehemu yake. Mapezi ya mpira yanayovaliwa miguuni huongeza eneo linalosukuma maji, na kwa hiyo huongeza mzigo juu ya unyayo. Mapezi yanayobana huzuia damu kupita, na yanayopwaya humlazimu mvaaji kuvikunja vidole ili yasivuke. Mazoezi marefu ya kupiga mateke huku mikono imeshika ubao wa kuelea huichosha miguu kwa namna hiyohiyo.

Hatimaye, mguu huingia majini ukiwa na historia ya siku nzima. Muuguzi aliyesimama tangu asubuhi, mwalimu aliyevaa viatu vyenye ncha nyembamba, mchuuzi aliyezunguka mjini kwa miguu, au kijana aliyetoka kukimbia kilomita 10, wote huanza mazoezi unyayo ukiwa umeshachoka.

Si kila maumivu ni mkakamao

Mkakamao hutambulika kwa ghafla yake, kwa msuli kuwa mgumu kama jiwe, na kwa kutulia pindi unaponyooshwa. Maumivu yasiyo na sifa hizo yana asili nyingine, na kuyachanganya huchelewesha nafuu.

Maumivu ya juu ya mguu, mbele ya kifundo, yanayoongezeka siku baada ya siku, huashiria kano zilizosuguliwa au kuvutwa kupita kiasi, jambo linalowapata watumiaji wa mapezi makubwa. Dawa yake ni kupumzisha mguu na kuyaweka mapezi kando. Maumivu ya kisigino yanayochoma zaidi kwa hatua za kwanza asubuhi ni ya utando mgumu ulio chini ya unyayo. Huanzia nchi kavu, na majini huchochewa na kujisukuma ukutani. Ganzi ya vidole inayotoweka baada ya kuvua mapezi ni dalili ya kubanwa. Ganzi inayobaki hata nje ya maji, hasa kwa mwenye kisukari, yahitaji kuchunguzwa na daktari.

Ngozi nayo ina malalamiko yake. Malengelenge hutokana na msuguano. Mwasho na ngozi inayobanduka kati ya vidole ni fangasi, ambao hupenda sakafu zenye unyevu za vyumba vya kubadilishia nguo. Kandambili na kuikausha miguu vyema, hasa kati ya vidole, huzuia sehemu kubwa ya maambukizi.

Mwasho au vipele vidogo baada ya kuogelea katika Ziwa Victoria au Tanganyika havipaswi kupuuzwa, kwa kuwa maji yaliyotuama karibu na ufuko, penye majani na konokono, yanaweza kuwa na vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozini. Kichocho kina dawa, nayo ni prazikwanteli, ila sharti ugonjwa huo upimwe kwanza.

Ndizi, magnesiamu na kwinini

Hakuna upungufu wa tiba za mitaani kwa ajili ya kubanwa na misuli. Ndizi ni chakula kizuri na mwogeleaji hana sababu ya kuikwepa, lakini madini yake huchukua muda kuingia katika damu, na hayawezi kuufungua mkakamao ulioanza dakika iliyopita. Vidonge vya magnesiamu huuzwa sana kwa kazi hii. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2020 yalihitimisha kuwa haielekei vinawakinga watu wazima wenye umri mkubwa kwa kiwango cha maana, na hayakupata jaribio lolote la kuaminika lililohusu mikakamao ya mazoezini.

Jaribio moja lililochapishwa nchini Marekani mwaka 2010 lilitoa matokeo ya kustaajabisha. Maji ya achari ya matango yalifupisha mkakamao upesi kuliko maji ya kawaida, kabla hata hayajapata muda wa kuingia katika damu. Watafiti walieleza kuwa yamkini ukali wa siki huigutusha mishipa ya fahamu ya koo, nayo hutuma ujumbe wa kuutuliza msuli. Matokeo hayo yanauelekeza mkono kulekule kulikoelekezwa na nadharia ya Cape Town, yaani kwenye mishipa ya fahamu.

Onyo kubwa linahusu kwinini. Dawa hii, inayojulikana mno Afrika Mashariki na Kati kwa kutibu malaria, iliwahi kutumiwa pia na watu wengi kuzuia kubanwa na misuli ya miguu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya mwaka 2006, na tena mwaka 2010, dhidi ya matumizi hayo, kwa kuwa kwinini inaweza kuleta matatizo mabaya ya damu na mapigo ya moyo. Vidonge vya kwinini vilivyobaki kabatini baada ya malaria si dawa ya unyayo.

Kuhusu chakula, imani kwamba anayeogelea baada ya kula lazima abanwe na azame haina msingi wa kisayansi. Mlo mzito huleta uzito na kichefuchefu, na hiyo ni sababu tosha ya kusubiri kidogo. Maji ya kunywa nayo ni muhimu kwa mwogeleaji kama kwa mwanamichezo mwingine, kwani mwili hutokwa na jasho hata ukiwa ndani ya maji. Yanasaidia afya na mazoezi kwa jumla, hata kama hayatoshi kuuzuia mkakamao.

Kinga ya kila siku

Maadamu chanzo kikuu ni uchovu wa msuli uliofupika, kinga ina sehemu tatu: kuuandaa msuli, kuulegeza, na kuuongezea mzigo kidogo kidogo.

Kabla ya kuingia majini, dakika tano zinatosha. Mwogeleaji huzungusha vifundo kila upande, husimama kwa vidole na kushuka taratibu mara kumi au kumi na tano, kisha huegemea ukuta kwa mikono, mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa chini, mpaka ahisi shavu la mguu likivutika. Mita 200 za kwanza ziwe za mwendo wa pole, zikichanganya mitindo.

Wakati wa mazoezi, mitindo ibadilishwe. Mtindo wa chura huukunja unyayo kuelekea juu na kuugeuza nje, kinyume cha mtindo huru, hivyo mita 50 zake katikati ya mazoezi huinyoosha misuli iliyokuwa imefupika. Kila anapofika ukutani, mwogeleaji aweza kuvikandamiza vidole ukutani huku kisigino kikishuka, kwa sekunde chache. Katika safari ndefu, apunguze idadi ya mateke. Sehemu kubwa ya msukumo wa mtindo huru hutoka mikononi, na waogeleaji wengi wa masafa marefu hupiga teke moja tu kwa kila mvuto wa mkono.

Nyumbani, misuli midogo ya unyayo huimarishwa kwa kukunja kitambaa sakafuni kwa vidole, kuokota vitu vidogo kwa vidole, na kuuviringisha unyayo juu ya mpira mdogo au chupa. Vifundo hulegezwa kwa kukalia visigino kwa sekunde 20 au 30, mara chache kwa siku, bila kulazimisha. Umbali wa mazoezi uongezwe polepole wiki hadi wiki, na mapezi yavaliwe kwa vipindi vifupi. Haba na haba hujaza kibaba, na mguu hujifunza kwa mwendo huohuo.

Akibanwa katikati ya ziwa

Mkakamao wa unyayo peke yake haumzamishi mtu. Mwili wenye hewa mapafuni huelea, na mikono miwili na mguu mmoja vinatosha kumfikisha mtu ufukoni. Kinachoua ni taharuki: mtu huanza kupigapiga maji, hupoteza pumzi, hunywa maji, na nguvu humwishia ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuacha kuogelea.

Aliyebanwa ageuke chali, atanue mikono, ainue kidevu na avute pumzi ndefu mara tatu au nne. Mguu uliobanwa aachane nao kwa muda huo. Pumzi ikitulia, ainue goti kuelekea kifuani, avishike vidole vya mguu huo, na kuvivuta taratibu kuelekea kwenye muundi wa mguu. Avishikilie hivyo kwa sekunde 15 hadi 30 huku akiendelea kupumua. Asivute kwa kishindo, kwani msuli uliokakamaa unaweza kuchanika. Asipoufikia mguu kwa mkono, auelekeze unyayo juu kwa nguvu zake mwenyewe, kana kwamba anataka kukisukuma kisigino mbali naye.

Msuli ukiachia, asirudi kwenye mwendo wa awali. Unabaki mwepesi wa kubanwa tena kwa muda. Aogelee chali au kwa mikono, mguu ukiburuzwa, hadi nchi kavu. Akiwa na wenzake, ainue mkono mmoja na kuita mapema, kabla ya kuchoka. Asiyejua kuogelea vyema asimfuate kwa mwili wake, bali amrushie kitu kinachoelea: boya, dumu tupu lililofungwa kifuniko, au kamba.

Maandalizi hufanywa ufukoni. Anayefanya mazoezi ziwani aogelee sambamba na ufuko badala ya kuelekea katikati, asiogelee peke yake, na avute nyuma yake boya dogo lenye rangi kali, ambalo humsaidia kupumzika na humfanya aonekane na mitumbwi. Mbinu ya kugeuka chali na kuvuta vidole ijaribiwe kwanza bwawani au kwenye maji ya kifuani, siku ambayo mguu hauumi, ili mwili uikumbuke siku utakapouma.

Wakati wa kumwona daktari

Mkakamao unaotokea mara mojamoja mazoezini hauhitaji hospitali. Unaotokea karibu kila siku, unaomwamsha mtu usiku mara kwa mara, au unaoambatana na udhaifu wa mguu au ganzi isiyoondoka, unahitaji uchunguzi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, na baadhi ya dawa za kupunguza mafuta katika damu, huweza kuchangia. Anayezitumia amweleze daktari wake, wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Wajawazito nao hubanwa mara nyingi zaidi, na wanapaswa kulitaja jambo hilo kliniki.

Dharura ni hali moja ambayo huweza kufanana na kubanwa na misuli: shavu la mguu mmoja linalouma mfululizo, lililovimba, lenye joto au wekundu. Hizo zinaweza kuwa dalili za damu iliyoganda ndani ya mshipa. Mguu huo haukandwi, na mgonjwa hufikishwa hospitali siku hiyohiyo.

Kila tarehe 25 Julai, dunia huadhimisha siku ya kuzuia vifo vya kuzama majini, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Wito wa siku hiyo ni kuwafundisha watu kuogelea na kujiokoa. Katika mafunzo hayo, unyayo haustahili kusahauliwa: ulegezwe unapoogelea, unyooshwe unapobanwa, na mwenye nao ageuke chali na kupumua kabla ya kufanya jambo lingine lolote.